Maoni: Mbio zetu za moto hazianzi kwa risasi

Ndugu wasikilizaji, na ninyi mnaotusoma kwa simu mkiwa katika familia zilizowapokea hapa Butembo, juma hili sitasema juu ya bei ya esansi wala juu ya hali ya barabara, ingawa najua zote mbili zitaingia humu bila kubisha hodi. Nataka kusema juu ya kitabu ambacho bado hakipo. Ni riwaya ya kuchekesha, na watu wake ni wamotari wanaoshindana mbio siku ya Yenga, bila mshahara, bila kikombe, na mara nyingi bila breki. Mimi mwenyewe nimeianza, kwa biki, katika daftari la shule. Maoni yangu ni kwamba kitabu cha namna hiyo ni kazi ya lazima kwetu sasa, tusingoje vita viishe, na kwamba wa kukiandika ni ninyi zaidi kuliko mimi.

Najua jibu linalokuja, kwa sababu limeshakuja. Mzee mmoja wa mtaa wetu, mtu ninayemheshimu, alinishika mkono akaniuliza: "Mwanangu, watu wamelala chini ya bache, wewe unaandika vichekesho vya moto?" Halafu akaniangalia kwa uso ule wa wazee unaoonyesha kwamba jibu halihitajiki. Ni swali la haki, na sitalikwepa.

Kuna jibu jepesi ambalo wengi hutoa: kwamba kicheko ni dawa. Hilo nawaachia wenye miradi na fulana zilizoandikwa kifuani. Mwenye njaa akicheka anabaki na njaa, tena amechoka kidogo zaidi. Sababu yangu ni nyingine. Sisi tunaandikwa sana. Tangu waasi wa M23 walipoteka Kanyabayonga mwishoni mwa mwezi wa sita 2024, na familia zikapanda kuelekea Lubero na huku Butembo, kila aliyefika ameandikwa: kwenye orodha ya mtaa, kwenye orodha ya unga, kwenye ripoti inayokwenda mbali. Katika orodha mtu anakuwa jina, hesabu ya watu wa nyumbani mwake na alama ya kidole. Katika ripoti anakuwa machozi. Na ni kweli, machozi yapo. Lakini sijawahi kuona ripoti inayosema kwamba kati ya waliokimbia alikuwapo bwana mmoja mwenye majivuno, anayedaiwa na watu watatu, anayeapa kwamba Boxer yake ilikwenda Kisangani na kurudi bila kusafishwa buji. Bwana huyo yupo. Mnamjua. Alipokimbia alikimbia na majivuno yake, na madeni yake yakamfuata, kwa sababu wale watatu nao walikimbia kwa njia ile ile.

Riwaya ya kuchekesha ina nafasi ya kumwandika huyo jinsi alivyo. Haimwombei msaada. Haimfanyi mtakatifu. Inamruhusu kusema uongo, kukosea njia, kumpenda dada asiyemtaka na kushindwa mbele za watu. Mtu aliyepoteza nyumba anabaki na tabia yake, na naona tabia ndiyo mali ambayo hakuna anayeiuliza wakati wa kuandikisha watu.

Nimechagua mbio za moto kwa sababu hapa mbio zipo kila siku, zimekosa jina tu. Simama saa kumi na moja jioni pale mama wa viazi anapotoka sokoni na gunia lake. Hajainua mkono, amegeuza shingo tu. Moto tano zinawaka kwa pamoja. Wa kwanza kufika haulizi mama anaenda wapi. Anakamata gunia, maana gunia likishapanda mwenyewe atalifuata. Wa pili anataja bei ya chini. Wa tatu anadai kwamba mama ni shemeji yake. Wa nne ameingia mferejini na anaomba avutwe. Wa tano ni yule ambaye moto yake imekataa kuwaka, anaisukuma huku akipiga kelele: "Mama, ngoja, mimi ndiye wa jana!" Hakuna aliyewafundisha hawa. Wengi walijifunzia kwenye moto ya kaka, kwenye mteremko, siku moja, na somo la breki likawekwa kwa siku nyingine ambayo haijafika.

Nyuma ya kichekesho hicho kuna hesabu ngumu. Jioni patroni anangoja pesa yake, umebeba watu au hukubeba. Esansi ikichelewa kupanda kutoka Kasindi, kadafi wa kando ya barabara anapandisha bei kabla hujasimamisha moto. Na vijana waliotoka kusini mwa Lubero walikuja na moto zao, kwa sababu katika mali yote ya nyumbani moto ndiyo iliyoweza kujibeba yenyewe na kumbeba mwenyewe. Shamba halipandi moto. Ng'ombe hafungwi kwenye kibebeo. Basi wamotari wakaongezeka, na wale waliofika pamoja nao wanatembea kwa miguu. Ndiyo maana moto tano zinageuka kwa ajili ya gunia moja.

Mashindano ya moto ya watu wasiolipwa hayako kwetu tu. Katika bahari iliyo kati ya Uingereza na Ireland kuna kisiwa kidogo, Isle of Man. Mbio za moto zilianza huko 1907, na tangu 1911 zinapita barabara ya mlima, barabara ya kawaida ya watu, yenye kuta za mawe, madaraja na nyumba pembeni. Mzunguko mmoja unazidi km 60 kidogo. Kutoka hapa Butembo hadi Beni ni kama km 54. Mwaka 2023 Peter Hickman alimaliza mzunguko ule kwa chini ya dakika 17. Sisi katika dakika 17 hatujamaliza kupatana bei, na tukishapatana mteja anakumbuka kwamba amesahau kitu nyumbani.

Mwaka 1923 watu wa kisiwa kile wakaanzisha mbio nyingine, za wasiolipwa peke yao. Hapo ndipo ninaposikia harufu ya riwaya, kwa sababu matata yakaingia mara moja: asiyelipwa ni nani hasa? Neno hilo liliwasumbua, na mwaka 1930 mbio zikapewa jina jipya, Manx Grand Prix. Hebu uleteni ugomvi huo kwetu. Motari aliyepewa nusu lita na mjomba wake amelipwa au hajalipwa? Na yule ambaye kwado, fundi wa tairi, alimzibia tundu bure kwa sababu anamtaka dada yake? Sura nzima inaweza kuandikwa juu ya kikao cha kujibu maswali hayo, kikao kinachoanza saa mbili kwa maombi na kinachofungwa saa tisa bila jibu, halafu watu wanadai nauli ya kurudi.

Msidhani kule ni mchezo mwepesi. Zaidi ya washindani 250 wamekufa kwenye barabara ile ya mlima tangu 1911. Hata hivyo watu wa huko walicheka. Mwaka 1935, wakati mamilioni ya watu hawakuwa na kazi Uingereza, ilitoka filamu ya kuchekesha juu ya mbio hizo, No Limit. Mtu wake mkuu, aliyechezwa na George Formby, ni kijana msaidizi wa kazi ya kusafisha mabomba ya moshi, aliyejitengenezea moto yake na kuamini atawashinda wale wa kampuni kubwa. Siku ya mazoezi breki zinamkatalia, na kwa kuwa hawezi kusimama anavunja rekodi. Niliiona kwa simu ya rafiki, nikawakumbuka nusu ya wamotari wa kituo chetu.

Kilichonishika zaidi ni jina la aliyetunga hadithi ile. Ni Walter Greenwood, mzaliwa wa Salford, mtu aliyeonja mwenyewe kukosa kazi. Miaka miwili kabla, 1933, alikuwa ametoa riwaya Love on the Dole, juu ya familia maskini za kwao zisizo na kazi. Mkono uliozoea kuandika njaa ndio uliotunga mbio za kuchekesha. Nilimweleza mzee wa mtaa habari hiyo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama huyo Greenwood alikuwa na moto. Sijapata la kumjibu.

Bingwa anayelipwa hachekeshi sana. Ana fundi, ana tairi mpya, na akianguka ni habari ya michezo. Asiyelipwa anachekesha kwa sababu ya umbali uliopo kati ya moto aliyoikalia na ile anayoiona kichwani. Ameikalia TVS iliyofungwa kwa mpira wa kukatwa kutoka tairi bovu, lakini kichwani anaendesha kitu kingine kabisa, na anaposhuka anatembea kama mtu wa kitu kile kingine. Naona mkimbizi anaujua umbali huo vizuri kuliko mtu yeyote. Mchana kutwa yuko chini ya bache, lakini ukimuuliza habari za kwake anakutembeza chumba kwa chumba, na anakuonya uiname mlangoni.

Sasa niwaambie niliyoyaweka katika daftari, muone kama kitu kimo. Mtu wangu mkuu anaitwa Sanfre, na ninyi mliosoma Kifaransa hata kidogo mmeshajua ana ugonjwa gani. Ametoka kusini mwa Lubero na Boxer yake, mke wake, watoto wawili na mama mkwe. Mke na watoto walipata nafasi kwenye lori. Mama mkwe akabaki kwa Sanfre. Hapo kuna shida ambayo wasomaji wa Isle of Man wasingeielewa bila kuelezwa, lakini ninyi mmeiona kabla sijaiandika: mama mkwe hawezi kumshika mkwewe kiunoni. Heshima hairuhusu, hata risasi zikilia. Basi wakakunja godoro wakaliweka katikati. Mama mkwe ameshika godoro. Godoro halijashikwa na kitu. Kwa safari yote hiyo hawaongei moja kwa moja. Mama mkwe anaambia godoro kwamba pale mbele kuna shimo, na Sanfre anaambia usukani kwamba ameliona.

Wamefika Butembo, na siku ya Yenga moja wateja wamekosekana, wamotari wanaamua kushindana. Kila mmoja anatoa lita moja ya esansi, zote zinawekwa katika bidoni, na mshindi atachukua bidoni. Anayeaminiwa kuitunza ni kadafi, maana ana bidoni. Tangu siku ya nne hadi siku ya mbio bidoni haipungui uzito hata kidogo, ila kila asubuhi rangi yake imebadilika. Kanuni ya mbio ni moja: sharti kila motari awe na mteja mgongoni, kwa sababu bila mteja hizo si mbio, ni kupoteza mafuta. Wote wanapata wateja. Anayekubali kupanda nyuma ya Sanfre ni mama mkwe peke yake, na sharti lake ni godoro.

Njiani kuna kizuizi. Ni kamba, na kijana aliyeshika kamba. Anaangalia moto kumi na mbili zinavyokuja kwa vumbi na anatoa uamuzi wenye akili: kila mmoja atalipa kadiri ya haraka yake. Wa kwanza analipa nyingi, wa pili pungufu, wa mwisho anapita bure. Hapo mashindano yote yanageuka. Moto zinapunguza mwendo, zinazimwa, wenyewe wanaanza kusukumana kwa adabu, "Tangulia kaka, wewe ni mkubwa," na mbio ambazo zingechukua nusu saa zinakwenda hadi jioni. Ukurasa huo niliuandika haraka kuliko yote, maana hapakuwa na cha kubuni.

Lakini ukurasa ninaotaka kuusimamia ni wa mwanzo wa mbio. Katika filamu, mbio nyingine huanzishwa kwa risasi hewani. Wenye mbio katika daftari langu wanabishana waanze namna gani. Mmoja aliyeangalia televisheni nyingi anapendekeza risasi. Wote wananyamaza. Kisha motari mmoja anamweleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto: "Ndugu, hapa risasi ikilia tutakimbia kweli, tena hutatuona tena. Lakini tutakimbia upande ule mwingine." Basi wanaanza kwa kengele ya shule iliyofungwa.

Nilisita kuusoma ukurasa huo kwa watu. Nikausoma jioni moja pale wanapojaza simu umeme, mbele ya watu kama ishirini, wengi wao waliokimbia. Walicheka mpaka mwenye duka akatoka kuangalia kuna nini. Halafu kicheko kikakatika chenyewe, kila mmoja akaangalia simu yake, na mimi nikafunga daftari. Mama mmoja aliyetoka Kanyabayonga, ambaye hakuwa amecheka na wenzake, akasema: "Uandike vile vile. Ila uandike pia kwamba mimi nilikimbia na mwiko. Nimeacha sufuria, nimeacha bugali kwenye moto, nimekuja na mwiko mkononi mpaka Kirumba, sijui naupeleka wapi." Hapo akacheka yeye, peke yake kwanza, kisha wote. Mwiko umeingia katika sura ya pili.

Ninachojifunza hapo si kwamba kila kitu kinachekwa. Kuna mambo ambayo hayataingia katika daftari langu, na ningewaomba nanyi muwe na yenu. Kifo cha barabarani hakitaingia kama mzaha. Hakuna familia hapa isiyo na mtu aliyevunjika au kufa kwa moto, na hakuna asiyejua motari aliyekwenda safari ya kawaida na hakurudi. Sanfre ataanguka mferejini mara nne, na mara zote atatoka. Pili, sicheki ukosefu wa mtu. Nguo iliyochanika haichekeshi. Kinachochekesha ni mwenye nguo hiyo anapokueleza kwamba ndiyo mtindo wa Kampala. Kipimo changu ni kama niweza kuusoma ukurasa mwenyewe akiwa ameketi mbele yangu. Kama nitashusha sauti, ukurasa bado.

Juu ya lugha, naona tusibishane sana. Vitabu vya Kongo vyenye kicheko kikali vipo, tena vizuri: In Koli Jean Bofane alitoa Mathématiques congolaises mwaka 2008, na Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, alitoa Tram 83 mwaka 2014. Vyote viwili ni vya Kifaransa, na motari wa hapa akivipata atavisoma kama anavyosoma karatasi ya kodi, kwa kutafuta wapi ataumizwa. Mbio zetu zinakwenda kwa lugha tatu: kizuizini Kifaransa, kwa mteja Kiswahili, na moto ikizimika matopeni Kinande, kwa sababu kuna maneno ambayo lugha nyingine haziwezi kuyabeba. Riwaya iandikwe kwa Kiswahili chetu cha barabarani, na atakayesema si safi aje atufundishe akiwa amepanda nyuma, kwenye mvua.

Na msiseme hamjui kuandika. Kule Lubumbashi kundi la Mufwankolo lilichekesha watu kwa Kiswahili cha Katanga kwa miaka mingi, kwenye redio na televisheni. Johannes Fabian, aliyekuwa nao mwaka 1986 walipotunga mchezo mmoja juu ya mamlaka, alieleza katika kitabu chake cha 1990 jinsi walivyofanya: walijadiliana wazo, wakagawana nafasi, wakacheza, bila maandishi ya kukariri. Mwenye kucheza alitafuta maneno yake mwenyewe. Ndivyo wamotari wanavyofanya kila jioni kituoni wakingoja wateja. Mmoja anaanza kueleza namna alivyopita daraja, wa pili anamrekebisha, wa tatu anasema hakukuwa na daraja. Anayetakiwa hapo ni mtu mmoja mwenye biki, asiyewakatiza.

Dada mmoja anayeuza mkaa alinisikiliza hadi mwisho kisha akaniuliza: "Na mwanamke mwenye kuendesha yuko wapi? Ninyi mnatuweka nyuma tu, na godoro." Ni neno la haki. Kule Isle of Man mwanamke wa kwanza kushindana peke yake kwenye moto katika mbio kubwa, Beryl Swain, aliendesha mwaka 1962, moto ya cc 50, kisha wakuu wa mchezo wakamnyima ruhusa ya kuendelea. Nimemwambia dada yule kwamba mshindani wa saba atakuwa mwanamke, na kwamba wamotari watatumia kikao kizima kutafuta kanuni ya kumzuia, wasiipate kwa kuwa kanuni ni moja tu na yeye ana mteja. Akasema hiyo haitoshi, anataka ashinde. Tunabishana bado.

Maana ugomvi mkubwa sasa ni huo, nani ashinde na mbio ziishie wapi. Kwado wa kona yetu anataka Sanfre ashindwe, anasema mtu asiye na breki akishinda vijana watafanya nini. Mke wa kwado anataka mama mkwe ashinde, yeye mwenyewe, moto ibaki njiani. Mimi naelekea kumfikisha Sanfre wa mwisho, ila mteja wake awe ndiye pekee aliyelipa nauli yote.

Lakini kijana mmoja aliyekuja na wazazi wake kutoka kusini, wa kama miaka kumi na mitano, alisema mbio ziishie Kanyabayonga, mbele ya duka la baba yake, na akanichorea ramani ya duka lenyewe nyuma ya daftari. Nilimwambia vita vimekata njia, moto hazifiki kule. Akasema anajua. Basi ndivyo nilivyoandika: mstari wa mwisho uko Kanyabayonga, mbele ya duka lenye mlango wa buluu. Wote kumi na wawili wanafika mahali ambapo hawawezi kuendelea, wanazima moto ili wasimalize esansi, wanaketi ukingoni mwa barabara na wateja wao, na wanabishana hadi usiku ni nani angefika wa kwanza. Mama mkwe ametandika godoro na amesema, akiliambia godoro, kwamba Sanfre angeupita mlango ule wa buluu bila kuuona, kwa sababu hana breki. Hapo ndipo sura ya kumi ilipofika. Wenye kuijua barabara ile mita kwa mita, hasa mteremko wa kuingia mjini, njooni pale tunapojaza simu, mnisahihishe.